Kishikilia Chupa kwa Mitumbwi na Boti Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa Arusha na Moshi wanaopiga kasia katika maji yetu ya bara: Ziwa Duluti lililo Tengeru, Momella Ndogo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na Bwawa la Nyumba ya Mungu lililo kusini mwa Moshi. Kifaa chenyewe ni kidogo, na hutengenezwa kwa kipande cha bomba, ukanda wa mpira na soli ya kandambili iliyochakaa. Hata hivyo, maswali yanayohusu kifaa hiki ni mengi, na baadhi yake yanagusa usalama wa mtu moja kwa moja, kwa hiyo nimeyajibu kwa kirefu pale palipo na haja.

Kishikilia chupa ni kitu gani, na kwa nini chupa isilazwe tu sakafuni mwa mtumbwi?

Ni kikombe kilicho wazi juu, chenye kitako kinachopitisha maji, ambacho huning'inizwa kwenye ukingo wa ndani wa mtumbwi au hufungwa kwenye ubao wa kukalia, ili chupa isimame humo wakati mikono yote miwili iko kwenye kasia.

Anayeuliza kwa nini chupa isilazwe sakafuni aketi katika mtumbwi mwembamba kwa nusu saa aone. Chupa ya nusu lita huanza kubingirika mara tu mpiga kasia anapohamisha kasia kutoka kulia kwenda kushoto. Hugonga ubavu mmoja, ikarudi, ikaingia chini ya kisigino, kisha ikakimbilia nyuma ya kiti mahali ambapo mkono haufiki. Mtu akipata kiu hugeuza kiwiliwili, huinama na kupapasa bila kutazama maji, na uzito wake wote unahamia upande mmoja. Mitumbwi mingi midogo hupinduka katika mwendo wa namna hiyo, mtu akiwa ametulia kabisa na ziwa likiwa shwari. Zaidi ya hayo, sakafu ya mtumbwi wa kuvulia ina maji ya ngama yaliyochanganyika na ute wa samaki na tope la miguu, na mdomo wa chupa inayolala humo si mdomo wa kuweka kwenye midomo yako.

Kishikilia kizuri hujulikana kwa sifa gani?

Kwa maoni yangu sifa kuu ni mbili, na zinavutana. Kwanza, kiishike chupa vizuri kiasi kwamba wimbi la kawaida haliitoi. Pili, kisimshike mtu. Kila kinachofungwa ndani ya mtumbwi ni lazima kifikiriwe kwa kuuliza kitafanya nini mtumbwi ukipinduka na mwenye mtumbwi akiwa anatoka chini yake kwa haraka. Kishikilia chenye ncha, chenye waya uliojitokeza, au chenye kamba ndefu inayoelea huweza kunasa nguo, jaketi la kuokolea maisha au kifundo cha mguu. Nimeona vishikilia vilivyotengenezwa kwa ustadi mkubwa, vikiwa na chemchemi na vibanio vya chuma, ambavyo nisingekubali kukaa navyo ndani ya mtumbwi hata kwa mwendo wa mita 20.

Vipimo vinavyofaa ni vipi?

Chupa nyingi za maji na za soda za nusu lita zina kipenyo cha sentimita 6.5 hivi, na kopo la kawaida la kinywaji la mililita 330 lina kipenyo cha sentimita 6.6. Kwa hiyo bomba la milimita 90 kwa nje, ambalo ndani hubakiza nafasi ya sentimita 8.5 hivi, linafaa kwa chupa hizo likishawekewa bitana ya kandambili. Chupa ya lita moja na nusu ina upana unaokaribia sentimita 9 na huhitaji bomba la milimita 110. Unene wa kuta za mabomba hautofautiani sana lakini hutofautiana. Nenda dukani na chupa yako mkononi, uitumbukize ndani ya bomba kabla hujalipa.

Kina kiwe kati ya theluthi moja na nusu ya urefu wa chupa. Kikiwa kifupi zaidi chupa huruka nje, na kikiwa kirefu zaidi huwezi kuichomoa kwa mkono mmoja.

Nitakitengenezaje mwenyewe?

Tafuta kipande cha bomba gumu la plastiki, la aina inayotumika kutolea maji taka, chenye urefu wa sentimita 25. Mafundi bomba hubaki na vipande kama hivyo kila wanapomaliza nyumba, na kwa jinsi majengo yanavyoota Arusha, sioni sababu ya mtu kununua bomba zima. Pima sentimita 11 kutoka chini na uzungushe alama kwa penseli. Hiyo ndiyo sehemu itakayokuwa kikombe. Sehemu ya juu iliyobaki, yenye sentimita 14, ikatwe yote isipokuwa ulimi mmoja wenye upana wa sentimita 5, ambao baadaye utakunjwa uwe ndoano ya kuning'inizia. Tumia msumeno wa chuma, kisha piga msasa kingo zote mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Hatua hii ya msasa watu wengi huiruka, na ndiyo inayotofautisha kifaa salama na kisu.

Sasa chemsha maji katika debe au sufuria kuukuu ambayo haitarudi tena jikoni, na utumbukize ulimi peke yake. Plastiki ya bomba hulainika ikifika nyuzi joto 80 hivi za Selsiasi. Maji ya Arusha, kwa kuwa mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 na wala si 100, na ya Moshi, ulio chini zaidi, hufika kama nyuzi 97; joto hilo linatosha kabisa, ila linahitaji subira, kwa sababu ulimi huchukua dakika kadhaa kabla haujatii. Utajua uko tayari pale unapoubonyeza kwa kijiti ukanepa kama ngozi mbichi. Utoe ukiwa umevaa glavu nene, uukunje juu ya kipande cha ubao chenye unene ule ule wa ukingo wa mtumbwi wako, uushike mpaka upoe kidogo, halafu uuzamishe kwenye maji baridi. Ukikosea mkunjo usikate tamaa wala usiulazimishe ukiwa baridi, maana utapasuka. Urudishe kwenye maji yanayochemka nao utalainika upya.

Kitako hakihitaji kuzibwa. Toboa matundu manne yanayotazamana, sentimita moja juu ya ukingo wa chini, na upitishe kamba ya nailoni ili ikatize katikati kwa umbo la msalaba. Chupa itakaa juu ya msalaba huo, na maji yanayorushwa na kasia yatapita chini badala ya kutuama.

Mwisho ni bitana. Kata soli ya kandambili vipande vitatu vyembamba, uvigandishe ndani ya kikombe kwa gundi ya viatu, vikiwa vimesimama wima na kuachana kwa nafasi sawa. Sponji hiyo hubana chupa bila kuikaba, na huzima mlio wa plastiki kugonga plastiki ambao huwafukuza ndege, jambo ambalo anayekwenda Duluti kutazama ndege atalithamini. Gandisha kipande kingine cha soli upande wa nje. Plastiki ya bomba ni nzito kuliko maji na huzama, lakini nusu ya soli moja hutosha kukifanya kifaa kizima kielee. Kijaribu kwenye ndoo kabla ya kukipeleka ziwani.

Je, ninaweza kulainisha bomba kwa moto wa mkaa badala ya maji?

Hapana. Plastiki hii ina klorini, na ikiungua hutoa gesi yenye asidi inayochoma macho na mapafu. Maji yanayochemka hayawezi kuiunguza, na hiyo ndiyo sababu ya kuyatumia.

Kifungwe sehemu gani ya mtumbwi?

Kikae upande wa ndani, chini kadiri inavyowezekana, na mbele kidogo ya goti la mpiga kasia. Hapo mkono hukifikia bila mgongo kugeuka, na macho hubaki yakitazama mbele. Kamwe kisining'inizwe upande wa nje, ambako kasia hupita, wala kisikae juu ya ubao wa kukalia, ambako chupa iliyojaa huwa juu na kila mtikisiko huukuza.

Uzito nao ufikiriwe. Lita moja na nusu ya maji ni kilo moja na nusu, kiasi ambacho mtumbwi mpana wa Nyumba ya Mungu uliobeba nyavu na watu wawili hautakihisi, lakini kayaki nyembamba ya mtu mmoja italalia upande huo kidogo na kukulazimisha kusahihisha mwelekeo kila baada ya mapigo machache. Katika chombo chembamba, weka kishikilia katikati, kati ya magoti, kikiwa kimefungwa kwa ukanda wa mpira.

Wakiwa watu wawili, kila mmoja awe na kishikilia chake. Kupokezana chupa huwafanya wote wawili wainame kwa wakati mmoja.

Mtumbwi wetu ni wa mti mmoja, aliuacha babu. Je, nipige misumari ili kishikilia kisimame imara?

Tafadhali usifanye hivyo. Mtumbwi uliochongwa kutoka katika gogo moja hupasuka kufuata nyuzi za mti, na msumari mmoja uliopigwa karibu na ukingo hutosha kuanzisha ufa ambao jua na maji vitaurefusha kila msimu. Tundu nalo huingiza unyevu katikati ya mbao, na mbao huanza kuoza kutoka ndani mahali ambapo jicho halioni. Ndoano ya ulimi pamoja na ukanda mmoja wa mpira wa tairi vinatosha. Ukanda huo ni ule ule unaofungia mizigo kwenye baiskeli, na mafundi wanaoshona makatambuga hukata kanda za namna hiyo kila siku. Zungusha ukanda kwenye kikombe na kwenye ubao wa kukalia, uuvute, uupenyeze chini yake wenyewe. Hautaacha alama, na siku ukiuhitaji mtumbwi kwa kazi nyingine utauondoa kwa sekunde chache.

Mtumbwi kama huo ukivunjika hauchongwi mwingine kwa urahisi, kwa kuwa miti mikubwa ya kutosha imekuwa adimu na mingi iko ndani ya misitu inayolindwa. Kwa hiyo ninapomwona mtu akiuelekezea nyundo kwa ajili ya chupa ya maji, huwa ninamwomba asubiri tuzungumze kwanza.

Na kama chombo changu ni boti ya kupulizwa kwa pampu?

Bomba la plastiki lisikaribie boti ya aina hiyo. Mpe fundi cherehani kipande cha turubai akushonee mfuko wenye kitako cha wavu, wenye vitanzi viwili vya kufungia kwenye kamba za ubavuni. Kwa kayaki ya plastiki ngumu ambayo mtu hukaa juu yake, kishikilia cha bomba kinafaa, ila hakikisha hakizibi matundu ya sakafuni, kwa sababu hayo ndiyo yanayotoa maji yanayoingia.

Je, chupa ifungwe kwa kamba?

Ndiyo, lakini kwa kamba fupi. Nataka kueleza sababu kwa jambo lililonipata mwenyewe pale Duluti. Nilikuwa nimefunga chupa kwa kamba ya urefu wa mita moja, nikiamini kwamba kamba ndefu ni uhuru. Nilipokaribia ufukweni niligeuka vibaya nikapinduka, katika maji yasiyozidi kiuno. Niliposimama, mguu wa kushoto haukunifuata: kamba ilikuwa imezunguka kifundo mara mbili, upande mmoja umeshikwa na mtumbwi na upande mwingine umeshikwa na chupa iliyonasa chini ya ubao. Niliifungua nikiwa nimesimama na ninapumua. Nikiwa katikati ya ziwa ningeifungua nikiwa chini ya maji. Tangu siku hiyo kamba zangu hazizidi shubiri mbili, urefu unaotosha kuifikisha chupa mdomoni ukiwa umekaa lakini hautoshi kuzunguka mguu.

Fundo liwe la kufyatua, kama lile la kumfungia mbuzi malishoni, ambalo huachia ukivuta ncha moja. Kuhusu aina ya kamba, katani yetu ni nzuri kwa kazi nyingi za nchi kavu, lakini ikilowa huvimba na fundo hukaza hata lisifunguke kwa vidole vya baridi. Nailoni haivimbi namna hiyo. Choma ncha za nailoni kwa kiberiti ili zisifumuke.

Asubuhi za Juni na Julai Tengeru kuna baridi. Je, ninaweza kubeba chai?

Chai inabebeka, ila ibaki ndani ya chupa ya chai yenye kifuniko cha kufunga, na imiminwe mtumbwi ukiwa umesimama, kasia likiwa limelazwa mbele yako. Kikombe cha bati kilicho wazi hakifai hata kikiwa ndani ya kishikilia kizuri namna gani, kwa sababu kishikilia huzuia kikombe kuanguka lakini hakizuii chai kumwagika, na chai ya moto ikimwagikia mapaja mtu hushtuka na kuruka, na kuruka ndani ya mtumbwi kunajulikana matokeo yake. Anayependa kikombe chenye mkono akate mfereji wenye upana wa sentimita 2.5 ubavuni mwa bomba ili mkono wa kikombe upite, na akitumie kwa vinywaji vilivyopoa. Chupa ya chai ya chuma huzama ikianguka, na ifungwe kamba daima.

Wazee wetu walibeba vinywaji kwa vibuyu visivyo na kitako bapa. Walivisimamishaje?

Kwa ngata. Ngata ni ule mduara wa kitambaa au wa majani makavu ya mgomba ambao mwanamke huuweka kichwani chini ya ndoo, na ndio kishikilia rahisi kuliko vyote nilivyovieleza hapa. Kwa upande wa Moshi, ambako migomba iko kila kihamba, sokota majani makavu kuwa kamba nene kama mkono wa mtoto, uizungushe mara mbili na kuifunga kwa kamba ya mgomba. Weka sakafuni kati ya magoti yako. Kibuyu, chungu kidogo au hata chupa ya kioo hukaa humo bila kubingirika, kwa sababu uzito uko chini na mduara umeushika pande zote. Ngata ikilowa huwa nzito na hushika sakafu vizuri zaidi. Baada ya siku chache huanza kuoza, na hapo unaitupa shambani ikawa mboji. Kwa mtu anayekwenda ziwani mara moja kwa mwezi, mimi ningemshauri ngata kabla ya bomba.

Je, kishikilia kinafaa kwa bia au mbege?

Kinaweza kushika chombo chochote, lakini pombe isinywewe ndani ya mtumbwi. Pombe hupunguza usawa wa mwili kabla mtu mwenyewe hajajitambua, na katika chombo chembamba usawa wa mwili ndio unaozuia kupinduka. Mbege ingoje mpaka mtumbwi umevutwa nchi kavu.

Maji yakiniishia, ninaweza kujaza chupa ziwani?

Usijaze. Maji ya ziwa huweza kuwa na vimelea vya homa ya matumbo na vya magonjwa mengine ya kuhara, na kwa eneo letu kuna jambo la ziada ambalo wageni hawalijui. Ardhi ya volkano inayozunguka Mlima Meru huingiza floraidi nyingi katika maji, na ndiyo chanzo cha meno ya kahawia wanayokuwa nayo watu wengi waliokulia vijiji vya huku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maziwa ya Momella yana kiwango kinachozidi hicho kwa mbali sana. Kuchemsha hakusaidii kitu. Maji yakipungua kwa mvuke floraidi hubaki, ikawa nzito zaidi katika yale yaliyosalia. Beba maji ya safari nzima kutoka nyumbani, na ikiwezekana uwe na vishikilia viwili vyenye chupa mbili, kimoja kila upande, ili na mizani ya mtumbwi ipatikane.

Nimeona vishikilia vinavyoning'inia kwenye pini mbili na kubaki wima boti ikiegama. Je, ni bora zaidi?

Mtindo huo ni wa zamani, na dira za meli hutundikwa kwa namna hiyo hiyo. Hufaa katika chombo kinachoegama taratibu na kubaki kimeegama, kama boti ya tanga. Mtumbwi mdogo hutikisika kwa kasi, na chupa inayoning'inia huanza kupiga bembea yake yenyewe mpaka ikagonga ubavu. Kwa maji yetu kishikilia kilichotulia ni bora.

Kitadumu muda gani, na kinatunzwaje?

Adui yake ni jua. Plastiki ya bomba ikiachwa juani hupauka, kisha huwa kavu na kupasuka kwenye mkunjo wa ulimi. Ipake rangi ya mafuta, na ukimaliza safari usiiache mtumbwini. Baada ya kutoka Momella, ambako maji yana magadi, suuza kishikilia pamoja na chupa yoyote ya alumini kwa maji ya bomba, kwa kuwa magadi hula alumini. Kanda za mpira zikaguliwe kila mara kwa kuzinyoosha: ukiona nyufa ndogo ndogo, badilisha.

Chupa ikitumbukia majini, nifanye nini?

Chupa ya plastiki yenye kifuniko kilichofungwa huelea, hata ikiwa imejaa karibu yote, kwa sababu ya hewa iliyobaki shingoni. Kwa hiyo hakuna haraka. Usiifuate kwa mkono ubavuni. Zungusha mtumbwi taratibu mpaka chupa iwe mbele yako, usogee nayo ikiwa upande wa kasia, uivute kwa bapa la kasia mpaka iguse ubavu, ndipo uichukue ukiwa umekaa wima. Nyumba ya Mungu na Momella kuna wanyama wakubwa majini, na mkono usikae ndani ya maji hata kwa muda mfupi. Chupa ya kioo au ya chuma ikizama bila kamba, iache. Ile ya plastiki usiiache ikielea. Ukishindwa kuifikia safari ya kwenda, itafute wakati wa kurudi, kwa kuwa kwa kawaida upepo huwa umeisukuma kwenye matete ya upande mmoja, na utaikuta hapo pamoja na nyingine ambazo si zako.